Sindano Mbili Mbele ya Kioo cha Kunyolea

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na nikiisimulia leo ni kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kaloleni, hapa Voi, wataitoa tu hata nikinyamaza, basi heri niitoe mwenyewe, kwa mdomo uleule ulionikana siku ile.

Mjue kwanza kwamba mimi si mtu wa hivi hivi. Nilishuka milima ya Taita na sanduku la mbao, nikajisomesha Nairobi kwa kubeba saruji wakati wa likizo, nikarudi Voi na diploma ya afya ya meno (nimeitundika mkabala na mlango, huwezi kuingia kwangu usiione). Sikumaliza mwezi, nikachukuliwa kwa majaribio na Daktari Njoki, mama mtafiti aliyekuja kuchunguza kwa nini meno ya wengine huuma yakiguswa na baridi, na kama neva za midomo yao zinafanya kazi sawasawa. Alihitaji watu wa kujitolea, na watu waliogopa. Wasipojiandikisha Jumamosi ile, aliniambia, utafiti unahamia Mombasa, na kazi yangu ndiyo imekwisha.

"Wewe utakaa kitini kwanza," akasema, "waone hakuna la kuogopa."

"Daktari," nikajibu, "haya ni meno ya mlimani. Ni chuma."

Uongo mtupu. Nilikuwa na jino la chini, upande wa kulia, nililolichakaza Nairobi nikifungua chupa za soda kwa meno ili wasichana wanione (waliniona, wakaondoka), na tone la maji baridi likiligusa naona nyota mchana. Basi asubuhi ya Jumamosi, nikijua nitatiwa maji ya barafu mbele ya mtaa mzima, nikaamua jambo dogo tu: nikasimama mbele ya kioo cha kunyolea, nikajidunga sindano ya ganzi niliyoichukua kwenye kabati la dawa la Daktari, ambalo ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Halafu, kwa kuwa mtu wa diploma hafanyi kazi nusunusu, nikaongeza ya pili.

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa aliketi Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, na kando yake Mzee Mwadime, karani mstaafu wa reli. Nikakaa kitini, tai shingoni, nikingoja barafu. Kumbe Daktari alikuwa amegeuza mpango, anaanza na neva! Akatoa uzi mwembamba wa plastiki, akaniambia nifumbe macho, na kila uzi unaponigusa mdomo niseme "sasa".

Nikafumba. Nikangoja. Nikangoja tena, mpaka mtu akakohoa, nikashuku kwamba pengine nimeshaguswa, nikabahatisha kwa sauti kubwa: "Thatha!"

"Sasa nini, na Daktari yuko kule mezani anaandika?" akauliza Mzee Mwadime, na watu wakaangua kicheko.

Daktari akarudi, uso umemkunjamana. "Nimekugusa mara sita. Umetumia dawa yoyote leo?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Lakini diploma haikuniruhusu, nikatikisa kichwa kwamba hapana, na kwa kule kutikisa, mate yakanichuruzika hadi kwenye tai.

"Mwanangu, mbona mdomo wako umekwenda upande?" Bi Zuhura akasimama. "Yarabi, mtoto wa watu kapooza!"

Kicheko kikakatika. Mzee Mwadime akachukua kofia yake. "Kama msomi kaguswa na uzi tu akafa mdomo, sisi wengine tutarudi nyumbani na nini?" Viti vikakwaruza sakafu, Daktari akamwita dereva awashe gari nipelekwe hospitali, na wa kwanza kutoka walikuwa wamefika mlangoni. Niliwaona wakienda na kazi yangu.

Nikasimama nikaungama, lakini maneno yalitoka kama uji.

"Nyamazeni," Bi Zuhura akalia, "anatoa wasia!"

Basi nikanyakua chaki, nikaandika ubaoni, na Mzee Mwadime akasoma kwa ile sauti yake ya kutangaza treni: "Mimi ni mzima. Nilijidunga ganzi. Jino langu ni bovu. Naogopa barafu."

Sijawahi kusikia Voi ikicheka namna ile. Daktari hakucheka. Akanikalisha pembeni mpaka ganzi itoke, na msifikiri watu walikwenda zao. Waliagiza chai, wakanisubiri kama arusi. Mchana akanirudisha kitini. Nikasema "sasa" kila nilipoguswa, kisha tone la maji ya barafu likashuka juu ya jino lile, nami nikaruka nikimwita mama yangu, aliye mlimani, na nadhani alinisikia.

"Huyo sasa hasemi uongo," akasema Mzee Mwadime akikunja mikono ya shati. "Niandike mimi. Langu la nyuma huniliza hivyohivyo, nilidhani ni uzee." Bi Zuhura akafuata, na foleni ikafika nje.

Kazi nilipata. Daktari alisaini barua yangu jioni ileile, akanikabidhi, kisha akanyoosha mkono: "Na ufunguo wa kabati la dawa, lete."

Nimeapa kutofungua soda kwa meno wala kudanganya kitini. Diploma bado iko mkabala na mlango. Lakini Bi Zuhura akiingia huitazama, kisha hunitazama mdomo, kuhakikisha uko katikati.