Kibuyu Kwenye Kigoda cha Domina

Katika chumba cha Melkiadi, fundi picha wa mjini Babati, mteja hakukaa kwenye kigoda kabla ya kibuyu. Melkiadi alikiweka pale, akafungua nusu ya dirisha la mashariki, kisha akakitazama kupitia kamera. Kivuli kikiwa kizito mno upande wa pili, alisogeza shuka jeupe lililoning'inia kwenye kamba mpaka mwanga urudi. Umeme haukutegemewa tena. Taa zake za studio zilikuwa zimejaa utando wa buibui.

Zamani aliyekaa hapo kupimiwa mwanga alikuwa mkewe, Domina. Aligeuza kidevu kuelekea dirishani bila kuambiwa. Melkiadi aliutazama uso huo kwenye lenzi mara nyingi kuliko uso mwingine wowote, na hakuwahi kubonyeza. Filamu ilikuwa ya wateja.

Mwaka 1983, maduka yalipobaki rafu tupu na sabuni ikawa ya kupanga foleni, Domina alipanda lori la kwenda kwao Dareda. Alisema angerudi baada ya mavuno. Mavuno yalipita.

"Fundi, mkeo huyu wa sasa nampenda," alisema jirani yake, Mama Kornel, akichungulia mlangoni na kukionyesha kibuyu. "Hali chakula, wala hadai kitenge."

"Na hachungulii kwa watu."

"Basi mpeleke kwa padri!" Mama Kornel alicheka peke yake hadi barabarani.

Filamu nayo ikaacha kuja kutoka Arusha. Kwenye kamera ilibaki nafasi ya picha moja. Walikuja vijana wa kipaimara kutoka Mutuka, akaja bwana harusi wa Bonga na jogoo kwapani. Wote waliondoka bila picha. Hiyo moja ilikuwa ya Domina, siku atakayorudi. Melkiadi alishajua jinsi atakavyoipiga: uso tu, kwa karibu, upande mmoja kwenye mwanga, wa pili kwenye kivuli laini, macho juu kidogo ya katikati, na nyuma yake pasiwe na kitu.

Domina alikuja mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Juni. Lori lililomshusha lilikwenda Singe kupakia mahindi, lingempitia likirudi.

"Nimefuata cherehani yangu," alisema. "Huko nyumbani nashona."

"Hurudi?"

Domina alikuwa anatazama kigoda. "Umenibadilisha na kibuyu."

"Kinakaa ninapokiweka."

"Ndiyo. Hata mimi nilikaa."

Melkiadi alishika kamera. "Kaa kidogo. Imebaki picha moja, nimekutunzia. Ya uso."

"Ya uso! Mama akiiona atalia. Kwetu picha ya nusu mtu ni ya kuweka juu ya jeneza. Nipige mzima, na viatu."

"Chumba ni kifupi. Nikitaka viatu itabidi nirudi hadi nje. Uso utakuwa mdogo, na ukisimama utapita juu ya mwanga wa dirisha."

"Wateja huwa unawasikiliza."

Domina alikiondoa kibuyu, akakiweka sakafuni kwenye mwanga wa dirisha, akasimama kando ya kigoda, mikono imenyooka. Melkiadi alitoka na kamera hadi uani. Wingu lilipita, akasubiri lipite lote. Honi ya lori ilisikika barabarani.

"Melkiadi, bonyeza."

Akabonyeza.

Alimbebea cherehani hadi kwenye lori, akampa utingo, akarudi kusafisha filamu kwa dawa. Karatasi za kuchapia picha zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alishika filamu yenyewe mbele ya dirisha na kuitazama hivyo hivyo, weusi ukiwa weupe na weupe ukiwa weusi. Domina alikuwa mzima, na viatu, kama alivyotaka. Uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Hakuweza kujua kama macho yalimtazama yeye au lori. Na pale sakafuni kwenye mwanga wa dirisha, mahali ambapo fundi makini angeondoa kila kitu kabla ya kubonyeza, kilikuwamo kibuyu. Chenyewe kilikuwa kimetoka vizuri: upande mmoja kwenye mwanga, wa pili kwenye kivuli laini.

Melkiadi alitundika filamu kwenye kamba ya shuka. Kisha akaokota kibuyu sakafuni, akakirudisha kwenye kigoda, akafungua nusu ya dirisha. Kamera haikuwa na kitu.