Kuvua Shanga

Asubuhi hii, wodini Lodwar, nesi aliniomba nimvue mama shanga za shingoni ili apigwe picha ya kifua. Nilipoinama zilinuka mafuta ya kondoo na moshi, nikajikuta tena kwetu Kakuma, nikiwa mtoto.

Mama alikuwa amekodi gari la kumpeleka nyanya hospitalini, na dereva alikuwa anangoja nje. Nyanya aliniita nimfungulie shanga, maana vidole vyangu vilikuwa vidogo. Tangu aolewe hakuwahi kuzivua, isipokuwa alipofiwa na babu. Nilifungua uzi mmoja mmoja mpaka vidole vikaniuma. Chini yake shingo ilikuwa nyembamba, ngozi laini kama ya mtoto mchanga.

"Mimi nimechoka kuzibeba," nyanya alisema. Kisha akamgeukia mama. "Mwambie mwenye gari aende zake."

Mama alilia kwanza, halafu akatoka kumwambia.

Leo mama aliinua kidevu bila kuambiwa, akakishikilia juu mpaka nikafungua uzi wa mwisho.

"Ile gari iliyotuleta," akaniuliza, "bado iko nje?"