Yowe la Maximiliana wa Nkoma

Alizaliwa mwaka 1949 huko Nkoma, binti wa wakulima wa pamba, akabatizwa akiwa msichana mkubwa na kupewa jina la Maximiliana. Hakuolewa. Alipofanywa katekista alisema Mungu amempa watoto wa kutosha.

Miaka ya tisini, kampuni za watu binafsi zilipoanza kununua pamba, wezi wa ng'ombe nao walikuja na bunduki. Mashamba ya mbali yaliachwa. Watoto walibakizwa nyumbani kulinda mazizi, na madarasa yakabaki na madawati matupu. Maximiliana alipita nyumba kwa nyumba kila asubuhi, akawakusanya na kuwasindikiza shuleni, ingawa wanaomkumbuka wanasema alitetemeka njia nzima.

Machibya, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikasirika. "Mayu, mama yangu, ng'ombe wakiibwa, tutakamua hayo madaftari?"

"Kamua tu, baba. Yako hayajawahi kushika mimba."

Watu walicheka, kwa maana Machibya hakuwahi kuandika neno kwenye daftari, naye akaona aibu. Baraza la sungusungu likamtenga Maximiliana: asisalimiwe, asipewe moto, na akipiga yowe asiitikiwe. Kwetu hakuna adhabu nzito kuliko hiyo, kwa maana yowe huitikiwa hata likiwa la adui.

Watoto wachache waliendelea kumfuata kwa kujificha. Asubuhi moja ya Machi 1996 walikutana njiani na wezi wakiswaga ng'ombe, na wezi hawakutaka kuacha mashahidi. "Laleni ndani ya pamba," Maximiliana aliwaambia watoto. "Msiinuke mpaka msikie baba zenu." Kisha akakimbia upande wa pili akipiga yowe, na wezi wakamfuata.

Kijiji kizima kilisikia. Machibya alisimama mlangoni na upinde wake, asitoke. "Ni yule tuliyemtenga," alisema.

Mkewe, Malimi, alitoka chumbani. "Baba Minza, Minza hayumo ndani."

Hapo ndipo Machibya alipopuliza filimbi ya kuwaita sungusungu.

Walimkuta Maximiliana amekufa kwa risasi. Watoto wote walikuwa hai. Wanasimulia kwamba sauti yake iliendelea kusikika hata baada ya bunduki kulia, mpaka baba zao walipofika. Kanisa halijatamka neno juu ya jambo hilo. Naliandika kama nilivyolipokea.

Tangu siku hiyo sungusungu huwasindikiza wanafunzi, na Machibya alitangulia mbele yao mpaka miguu ilipomshinda. Wezi hawajaisha, na kila asubuhi akina mama bado husimama njiani wakitazama watoto wakipotelea kwenye pamba. Maximiliana atuombee. Nasi, yowe likisikika, tutoke kwanza. Jina la anayelia tutaliuliza tukiwa tumeshafika.