Chumba Alichokiulizia Msanifu

Jumanne, tarehe tisa Juni. Manyunyu tangu alfajiri, hewa nzito.

Mwoka mikate ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkate hakukaa akatulia siku hiyo. Trei nzima iliungua mbele ya macho yake. Kiwanja kilikuwa tayari, na jioni yeye na mumewe walipaswa kuamua msanifu yupi awachoree ramani ya nyumba.

Wa kwanza, rafiki wa shemeji yake, hakuuliza mengi. Alifungua kompyuta akawaonyesha ghorofa moja maridadi, vyumba vitatu vyote juu. Mume aliipenda papo hapo. Kazini alishaanza kuisimulia kama mtu aliyekwisha kuhamia.

Wa pili, mwanamke mpole mwenye futi mkobani, alikuja kukaa nao sebuleni, katika nyumba waliyokuwa wamepanga. Alimwona mama mzazi wa Mama Mkate akielekea msalani kwa kushika ukuta, magoti yakimsumbua. Akauliza bibi atalala wapi. Mume alikohoa. Mke alikodolea macho zulia. Msanifu akarudisha kalamu mkobani, akasema wamwite wakishaelewana, kwani yeye hachori nyumba bila kujua nani ataishi humo.

Jioni mume alilalamika kwamba yule mwanamke anahoji kama askari. Mwenzake kawapa nyumba, yeye kawapa mtihani.

"Baba watoto, tusizungushane," Mama Mkate alisema. "Unamtaka yule kwa sababu hakuuliza habari za mama."

Mume alichezea kifuniko cha chupa ya chai. "Nilidhani atarudi kwa kaka yako."

"Kaka hajamwita. Nami nimekuwa naogopa kukuuliza wewe."

Sauti ya bibi ikatoka chumba cha pili: "Wanangu, kuta hizi ni kama karatasi, nawasikia. Mkwe, huko ghorofani utanipandisha kwa winchi?"

Mume alicheka bila kupenda, kisha akaenda kulala kabla hawajaamua. Mama Mkate alijigeuzageuza kitandani hadi kukacha.

Asubuhi, kabla ya kuwasha tanuri, alimpigia simu yule mwanamke. Vyumba vinne, alimwambia, kimoja chini, jirani na msala. Mume alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alisema, bila kuinua kichwa, amuulize kama Jumamosi anafanya kazi. Mama Mkate akauliza. Kisha akaenda kumwamsha mama yake, amuulize dirisha lake angependa litazame wapi.