Fahali wa Jina la Mume Wangu

Tuliondoka Karatu kwa sababu ya fomu. Mume wangu, Majok, ni mtu wa Sudani Kusini. Aliipigia nchi yake kura ya uhuru akiwa kijana. Sasa alikuwa akiomba uraia wa Tanzania, na fomu ilimtaka aukane kwanza ule wa kwao. Mimi nilitaka asaini, jamani, niache kuogopa kila kibali chake cha ukaazi kinapokaribia kwisha. Yeye akanikabidhi fomu ndani ya bahasha iliyofungwa, akasema, "Mama Neema, kwanza nikamwone fahali wa jina langu." Kwao mwanamume huitwa kwa rangi ya fahali, na Majok ni mweusi wa mabaka meupe. Nikaguna, halafu nikafunga maandazi ya njiani.

Saa moja asubuhi tulipanda pikapu ya muuza unga. Getini Ngorongoro askari alikisoma kibali cha Majok. "Sudani ipi hii?"

"Ya Kusini. Tuliichagua wenyewe."

"Mnajitawala vizuri?"

"Jimbo letu wameligawa, wakaligawa tena, kisha wakaliunganisha. Kaka yangu akiulizwa kwao wapi, anajikuna kichwa."

Askari alicheka. Majok hakucheka.

Juu kwenye ukingo wa kreta ukungu ulitumeza. Miti ilikuja na kupotea. Majok alinong'ona majina ya vijiji vyao, polepole, kama mzazi anayehesabu watoto waliolala. Nami nikasinzia nikiyasikia.

Mchana tulifika bondeni Olbalbal. Saning'o, mfugaji wa Kimasai aliyezoeana na Majok mnadani, mwenye fahali huyo, alitupokea kisimani.

"Karibu, shemeji. Leo wananywa ng'ombe wa ukoo wetu, kesho zamu ya wengine."

"Nani kapanga?" nikauliza.

"Koo zenyewe zinazokunywa."

Ndipo vumbi likatulia, akatokea fahali mweusi wa mabaka meupe. Majok alinyanyua mikono miwili juu kama pembe, akaimba kwa lugha ya kwao. Ng'ombe wakaacha maji wakamtazama. Wallahi, katika wimbo ule niliona mto wa kwao ambao sijawahi kufika. Miaka yote hiyo nilidhani nchi yake ni karatasi tu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Jioni, tukipanda tena kuelekea ukunguni, nilimrudishia bahasha. "Baba Neema, basi, usisaini. Tutahangaika na kibali hivyo hivyo."

Akairudisha mapajani kwangu.

"Nilisaini jana, mama. Leo nilikuja kuaga."