Kisima cha Inafuku

Inafuku Seijun aliuza tofu, ile jibini ya soya, kule Shuri, na jioni alifundisha mkono, yaani kupigana bila silaha. Wakati ule hatukuwa na jina jingine. Mtu akisema anajifunza mkono, ameeleweka. Mimi nilimuuzia mitungi, ile ambayo wanafunzi huijaza mchanga, wakaikamata ukingoni kwa vidole na kutembea nayo hadi mabega yawake moto. Ilivunjika sana. Sikulalamika.

Alifundishia uani, na katikati ya ua palikuwa na kisima. Katika kata ya tatu, yaani mfululizo wa hatua na mapigo, huo ukiwa mrefu kuliko yote, mtu akisonga mbele huishia kisimani. Hapo huvuka pembeni hatua moja, hugeuza nyonga, hupiga. Hatua hiyo iliwekwa na mwalimu aliyemfundisha Inafuku, ua ukiwa huohuo. Alimwambia, "Kisima hakihami. Hama wewe."

Kisha Tokashiki, mwanafunzi wake mkubwa, akarudi kutoka Osaka na suti mpya. Alikuwa amefungua ukumbi huko. Mzee hakuwa na mtoto, na wanafunzi wengine walikwisha kwenda kutafuta kazi viwandani. Tokashiki asipoubeba mkono ule, ungezikwa na mwenyewe.

"Mwalimu, kuna wakubwa Kyoto wanaotambua mitindo," alisema siku moja nilipokuwa nimeleta mitungi. "Waliniuliza, mtindo gani? Nikasema, mkono. Wakacheka: hata mwizi anao."

Mzee aliendelea kukata tofu. "Wanataka nini?"

"Jina. Na kata zinyooke. Ile hatua ya pembeni tuitoe. Ukumbi wangu hauna kisima."

"Kichwa chako je, kina kitu?" Ushi, mke wa mzee, aliuliza kutoka jikoni.

"Mama, mimi nasema tu."

"Itoe," mzee akasema. "Ila usitaje kwamba nilikufundisha mimi."

Bila mwalimu wa kumtaja, Kyoto wasingempokea Tokashiki. Bila Tokashiki, mzee angebaki na tofu. Nimepatanisha bei nyingi. Hii haikuwa ngumu.

"Kila mmoja aachie kimoja," nikasema, "nami niende zangu, jua linachoma."

Mzee akafuta kisu. "Haya. Jina chagua wewe, hata ukiniita joka. Hatua niachie."

"Wakiniuliza maana ya hatua hiyo?"

"Danganya. Hukujifunza hata hilo huko Osaka?"

Miaka michache baadaye, mzee akiwa amekwisha kufa, nilipeleka mitungi Osaka. Juu ya mlango wa ukumbi paliandikwa kwa herufi nene: Mtindo wa Chemchemi Tulivu. Ndani, vijana walikuwa kwenye kata ya tatu. Walipofika kati, wote wakavuka pembeni kwa pamoja, wakaizunguka sakafu tupu.

Nilimuuliza mmoja sababu.

"Kukwepa mkuki, bwana. Mbinu ya kale hiyo."

Nikamtazama Tokashiki. Alikuwa ameinama, anakagua ukingo wa mtungi kama vile una ufa.

"Mbinu nzuri," nikasema, nikaanza kushusha mzigo. Mitungi niliipanga ukutani. Pale kati palikuwa na nafasi ya kutosha, lakini sikuweka hata mmoja.