Waombolezaji Niliowaita kwa Kitufe

Nilipoona tena "Muda umeisha" kwenye kompyuta, uvumilivu ulinitoka. Mtoto analia mgongoni, mwenyekiti wa ushirika anauliza kama wakulima wa Kang'ata wameshaitwa mkutanoni, na tovuti ya kuwatumia ujumbe kwenye simu zao inazungusha kiduara tu! Mimi na kidato changu cha nne tukaamua ujumbe haujaenda. Nikabonyeza "Tuma" kama naua mbu, mpaka kidole kikauma.

Asubuhi nikakuta uwanja wa ofisi yetu Chanika umejaa. Akina mama wamejifunga kanga viunoni, wamebeba unga na kuni. Wazee wana majembe.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Marehemu ni nani?"

"Marehemu?"

"Mwanangu, tangu jana ni 'njooni ofisini, njooni ofisini.' Mkutano huitwa mara moja. Kuitwa hivi ni msiba."

Bibi mmoja alikuwa ameshaanza kulia. Kumbe ukurasa ulichoka kunijibu mimi tu. Huko nyuma, kila nilipobonyeza, ujumbe uliendelea kwenda polepole kwa wote.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Zawadi, kama hakuna maiti, leo tunazika kazi yako."

Nikamwandikia malalamiko rasmi fundi aliyetengeneza tovuti, anayekaa Masuguru, Korogwe: "Kazi ndefu ifanyike pembeni. Ukurasa unijibu palepale, 'Nimepokea, naendelea kutuma,' na nikibonyeza tena unikatalie. La sivyo, njoo Kang'ata mwenyewe uwaonyeshe maiti."

Nikampelekea kwa mkono. Mara moja tu.